Anastazia Tabu Hasani, Aliyefanywa Mwana Mara Mbili

Mchungaji, mashehe mliosafiri na Bi Mwajabu kutoka Gulwe, ndugu, majirani wa Msalato na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, familia inamsalimu kila mmoja kwa salamu ya imani yake, na inawaomba mtuvumilie, kwa kuwa historia ya mpendwa wetu haitakwenda kama tulivyozoea kuzisikia. Inasomwa na kaka yake, Rajabu Hasani, kwa sababu marehemu aliagiza hivyo, akasisitiza kwamba lisifichwe jambo, hata yale ambayo kwa kawaida msibani tunayapitia juu juu.

KUZALIWA

Tarehe ya kuzaliwa kwa marehemu haijulikani, wala mahali, wala tumbo lililombeba. Kinachojulikana ni kwamba mwezi Januari 1957, mvua kubwa zilipobomoa njia ya reli upande wa Kidete, abiria wa treni mbili walikwama pale stesheni ya Gulwe, wakalala kwenye ghala la mizigo na chini ya mabehewa, wengi wao wakiwa wanatoka kwenye mashamba ya mkonge na wengine wakiwa wagonjwa, na siku njia ilipotengenezwa na watu wakagombania kupanda, ghalani alibaki mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi, amefungwa kipande cha kanga kiunoni, halii wala hasemi. Mzee Hasani Mustapha, aliyekuwa nyapara wa genge la reli, alimbeba begani mpaka nyumbani kwake, akamkabidhi mkewe, Bi Mwajabu, mzaliwa wa Kondoa, ambaye wakati huo alikuwa na mtoto mmoja tu, Rajabu, wa miaka mitano. Habari zilipelekwa stesheni zote, za juu mpaka Dodoma na za chini mpaka Kilosa, zikarudi bila jibu, na ilipofika Mfungo wa Ramadhani mwaka ule Mzee Hasani akamwambia mkewe, "Mpe jina, tusiendelee kumwita huyu." Akampa jina la Tabu, kwa jinsi alivyofika.

ELIMU NA MAKUZI

Marehemu alisoma shule ya msingi Gulwe kuanzia mwaka 1962 hadi 1968 alipomaliza darasa la saba, na katika miaka yote hiyo alijiona mtoto wa nyumba ile kama Rajabu alivyojiona, akipigwa kwa makosa yale yale na kusoma Kurani chuoni kwa mwalimu yule yule, mpaka siku ya harusi moja ya jamaa, mwaka 1967, aliposikia wanawake jikoni wakisema, "Yule si wao, yule aliokotwa stesheni." Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Mwajabu aliyekuwa akichambua mchele, akamuuliza mbele za watu kama ni kweli. Bi Mwajabu hakumficha. Alimwambia, "Ulikuwa na kiu, nikakupa maji, ukanilalia mapajani. Nilipotaka kukuhamisha nikaona sitaki. Basi." Kisha akaendelea na mchele wake. Kwa Bi Mwajabu maneno yalikuwa yameisha, ila kwa marehemu ndiyo yalianza, kwani tangu siku hiyo alikuwa akitazama sura za abiria kila treni iliposimama, akitafuta pua kama yake.

KAZI

Mwaka 1970 marehemu alikwenda Dodoma mjini kwa Bi Asma, ndugu wa Bi Mwajabu, akajifunza ushonaji, na mwezi Machi 1973 akaajiriwa katika karakana moja ya umma iliyokuwa ikishona sare za shule, ambako alifanya kazi kwa miaka kumi na saba, akapanda hadi kuwa mkataji mkuu, na wenzake wanamkumbuka kama mtu aliyeweza kumtazama mtoto kwa mbali akajua kitambaa kitakachomtosha. Mwaka 1990, nguo za mitumba zilipokuwa zimejaa kila gulio na mashirika ya umma yakifungwa moja baada ya jingine, karakana ile nayo ilifungwa, wafanyakazi wakasimama nje ya geti wakisubiri tangazo la pili ambalo halikuja.

NDOA NA WATOTO

Tarehe 12 Juni 1976 marehemu alifunga ndoa bomani, Dodoma, na Ndugu Ulimboka Mwasandube, dereva, Mkristo kutoka Rungwe. Mzee Hasani hakuipenda ndoa hiyo, na hakujifanya anaipenda, lakini alimwambia binti yake, "Mimi bomani siendi, ila mlango wangu haufungwi," na haukufungwa. Walijaliwa watoto wawili, Khairat, aliyezaliwa tarehe 3 Agosti 1977 na kupewa jina na bibi yake, na Nasri, aliyezaliwa tarehe 20 Novemba 1980.

Kuanzia hapo, ndugu waombolezaji, mambo yalifuatana vibaya. Mwaka 1983 Mzee Hasani alifariki dunia huko Gulwe, na kabla Rajabu hajawasili kutoka Tabora alikokuwa kazini, baba mdogo mmoja, ambaye naye sasa ni marehemu, alisema mbele ya waliokusanyika kwamba binti huyu si damu yao na kwenye mambo ya ukoo ahesabiwe jirani. Bi Mwajabu alikuwa ndani, amekaa eda, hakusikia, na marehemu hakumwambia. Alikaa mkekani pamoja na majirani mpaka msiba ukaisha. Mwezi Septemba 1987 mtoto Nasri alipatwa na homa ya uti wa mgongo, akafa siku ya pili, hajatimiza miaka saba. Ndugu Ulimboka alikwenda kwao kupumzisha akili, na mwaka uliofuata alirudi kuchukua nguo zake, akamwambia mkewe kwamba wazee wanauliza ameoa ukoo gani ambao watoto wake wanakufa hivyo, ukoo una nini, mizimu gani, naye hana la kuwajibu. Marehemu alimwambia, "Hata mimi sina." Mume aliondoka, na familia haijapata habari zake hadi leo.

Swali lile liliingia ndani ya marehemu kama ugonjwa. Aliamini kwamba kuna jibu mahali fulani, na kwamba akilipata mumewe atarudi, na Nasri atakuwa amekufa kwa sababu inayoeleweka, maana usipojua kwenu, alimwambia Rajabu, hata kulia hujui umlilie nani kwanza. Karakana ilipofungwa hakubaki na kitu cha kumzuia. Alimpeleka Khairat kwa Bi Mwajabu, akaanza kuifuata reli, Kidete, Kilosa, Kimamba, Kikombo, akiuliza kwenye masoko na nyumba za wazee nani alipoteza mtoto mwaka wa mafuriko, na wengi walimwonea huruma, wengine walimdhani amerukwa na akili, na wapo waliofunga milango.

Mwezi Desemba 1990, huko Bahi, alionyeshwa nyumba ya Bibi Nyemo, mjane aliyekuwa akilima mpunga pembeni ya mbuga. Bibi Nyemo alikuwa amesafiri na mojawapo ya treni zile mbili akitoka kwenye mkonge, akiwa na homa kali, na mtoto wake wa kike alikuwa amebebwa na mjomba wake, Mzee Masima, ambaye alimweleza dada yake baadaye kwamba mtoto alipotea kwenye msongamano pale Gulwe. Alipomwona marehemu amesimama uani, bibi yule alidondosha jembe, akamshika uso kwa mikono yenye tope, akasema, "Nilijua utarudi umekua." Hakuuliza swali hata moja. Marehemu alikaa Bahi msimu mzima, akapandikiza mpunga, akafukuza ndege, akajifunza salamu za Kigogo, akapelekwa nyumba kwa nyumba kuonyeshwa, na wanawake wa pale wakasema pua ni ile ile. Aliandika Gulwe kwamba amepata kwao. Bi Mwajabu alisomewa barua hiyo na Khairat, akasema alhamdulillahi, kisha hakula chakula cha mchana.

Mwezi Mei 1991, wakati wa mavuno, Mzee Masima alifika kutoka Manyoni baada ya kusikia habari hizo. Alikuwa mzee wa kutembelea fimbo. Alimtazama marehemu kwa muda mrefu, akakaa chini, akamwambia dada yake, "Nyemo, huyu si yeye. Yule mtoto alinifia mikononi Kidete, tukivuka kwa miguu pale reli ilipobomoka. Nilimzika mimi mwenyewe. Wewe ulikuwa unaumwa, niliogopa nikikuambia utamfuata, na ulipopona nikashindwa pa kuanzia." Kwa kauli hiyo moja wanawake wawili walifiwa uwanja mmoja, mmoja na mwana, mwingine na mama, wala hakuna jirani aliyejua aanze kumpa pole yupi. Bibi Nyemo hakupiga kelele. Aligeuza uso ukutani, akasema, "Nenda, mama. Sina ubaya na wewe, ila kukutazama sitaweza."

Marehemu aliondoka mikono mitupu, jua likiwa la saa nane, akatembea mpaka nje ya mji wa Bahi, akaketi kwenye reli. Alitaka jambo hili lisemwe leo, naye alisema wazi kwamba hakukaa pale kupumzika.

KUMPATA MUNGU

Mwinjilisti Sila Ndahani, ambaye yuko nasi hapa, alikuwa akirudi kutoka kumtembelea mgonjwa, akisukuma baiskeli iliyopata pancha, akamwona. Alimwamkia, hakuitikia. Akamwambia treni ya mizigo iko njiani, akajibiwa, "Najua." Basi mwinjilisti aliilaza baiskeli, akaketi naye relini.

"Ondoka, baba," marehemu alimwambia, "wewe una watoto."

"Ninao watano, na mama yao hajui nilipo."

"Sasa unataka nini hapa?"

"Sitaki kitu. Siwezi kupita nikakuacha, na kukubeba sina nguvu."

Walikaa hivyo mpaka chuma kikaanza kutetemeka chini yao, na marehemu alisimulia kwamba aliinuka kwa hasira, kwa ajili ya wale watoto watano ambao hajawaona, akamvuta mwinjilisti kwa mkono wa shati, na treni ilipopita walikuwa wote wawili wamelala kwenye michongoma wakichomwa na miiba.

Alikaa nyumbani kwa mwinjilisti na mkewe majuma mengi bila kuzungumza, akipika, akishona nguo za watoto, akikataa kwenda kanisani, na siku aliyokwenda alikwenda kwa sababu hakutaka kubaki peke yake. Somo la siku hiyo lilihusu watu ambao hawakuzaliwa nyumbani mwa Mungu, naye akawachukua, akawafanya wana, akawapa ruhusa ya kumwita Baba na kurithi pamoja na Mwana wake wa kwanza. Wengine waliitikia amina. Marehemu alitoka nje katikati ya mahubiri, na mwinjilisti alipomfuata baada ya ibada alimkuta amekasirika.

"Hayo maneno msiniletee," alisema. "Kuitwa mwana nimeitwa sana. Ukoo wa baba umenirudisha, mume amenirudisha, Bibi Nyemo amenirudisha. Huyo Mungu wenu atanirudisha lini?"

Mwinjilisti alimuuliza, "Na yule wa Gulwe? Naye alikurudisha?"

Marehemu alisema baadaye kwamba katika miaka yote ile ya kutafuta hakuwahi kumhesabu Bi Mwajabu, kwa sababu Bi Mwajabu hakuwa amepotea, na kwamba kama kuna Mungu anayemchukua mtoto asiye wake, akamhamishia mapajani na asitake kumshusha, basi jambo hilo alikuwa ameshalionja kabla hajajua kusema. Akaanza kusikiliza.

Ilimchukua miezi saba tangu siku ile ya relini. Mwezi Desemba 1991 alishuka Gulwe, akamwamkia mama yake shikamoo, akapiga magoti. Bi Mwajabu alimtangulia kusema.

"Nimesikia unataka kubatizwa. Umekuja kuniaga?"

"Nimekuja kukuuliza, mama."

"Nikikataa?"

"Sijui. Ndiyo maana natetemeka."

Bi Mwajabu alikwenda kuswali adhuhuri, akachelewa kwenye mswala kuliko kawaida yake, aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Sifurahi," alisema, "nisije nikakudanganya. Ningependa nife nikijua tutafufuliwa safu moja. Lakini wewe umetafuta mpaka umetaka kufa, na mimi sikuweza kukutuliza, sasa naona umetulia. Niambie jambo moja. Huko kanisani wakikuuliza mama yako nani, utasema nani?"

"Mwajabu wa Gulwe."

"Basi nenda."

Marehemu alibatizwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 19 Aprili 1992, akachagua jina la Anastazia na kuliacha lile la Tabu likae karibu yake, kwa kuwa alipewa na mama yake. Tusiseme kwamba machozi yaliishia hapo. Alipohamia Msalato, akipunguza na kurekebisha nguo za mitumba kwa cherehani ya kuazima, walikuwepo waumini waliosita kumpa mkono, wakisema hajulikani alikotoka, na walikuwepo jamaa Gulwe walioacha kupokea salamu zake, na usiku wa kuamkia sikukuu za dini zote mbili alikuwa mpweke kuliko siku za kawaida. Hata hivyo mwaka 1993 alirudi Bahi. Bibi Nyemo alikuwa amepoteza uwezo wa kuona, Mzee Masima alikuwa ameshafariki, na shamba lilikuwa limeota magugu. Marehemu alisimama uani pale pale, akasema, "Bibi, ni yule ambaye si mwanao. Nimekuja kukuchukua." Bibi alikataa siku hiyo, akakataa na mara ya pili, na mara ya tatu akauliza kama Msalato kuna baridi. Aliishi kwa marehemu hadi alipofariki tarehe 9 Agosti 1994, akimwita mwanangu, akijua.

KUUGUA NA KIFO

Mwanzoni mwa mwaka 1995 marehemu alianza kuugua, akatibiwa Dodoma, akapewa rufaa ya Dar es Salaam ambako iligundulika ni saratani ya kizazi iliyokwisha kusambaa, akarudishwa nyumbani mwezi Oktoba. Maumivu yalikuwa makali, dawa za kuyapunguza zilikuwa za kutafuta, na Khairat, aliyekuwa kidato cha pili, aliacha masomo ili amuuguze. Familia haitawaambia kwamba aliyapokea yote kwa tabasamu. Zipo siku alikataa kuombewa. Ipo siku alimuuliza mwinjilisti Sila, "Naye amenirudisha?" na mwinjilisti, ambaye tangu siku ile relini hakuwa amekosa neno, alilia, akasema hajui amwambie nini, akabaki ameshika mguu wake juu ya blanketi mpaka jioni. Marehemu hakupata jibu siku hiyo, wala juma lile, akawa anageukia ukutani kama Bibi Nyemo alivyofanya.

Mwezi Februari mwaka huu Bi Mwajabu, ambaye umri wake unapita miaka sabini, alipanda treni Gulwe bila kumwambia mtu, akafika Msalato amebebewa kifurushi chake na wapita njia, akaingia chumbani, akawaomba watu watoke. Alimwogesha mwenyewe, akamchana nywele zilizobaki, na tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyemlisha. Waliomba kila mmoja kwa namna yake, mmoja kwenye mswala, mwingine kitandani, na marehemu alianza tena kusema sala zake kwa sauti.

Asubuhi ya tarehe 14 Machi 1996 aliomba kichwa chake kiwekwe mapajani mwa mama yake. Baada ya hapo hakusema tena. Muda mfupi kabla ya adhuhuri alifumbua macho, akaita, "Baba," kwa sauti ya kawaida, mara moja, akapumua, akafariki. Sisi tuliokuwepo hatujui kama alimwita Mzee Hasani au alimwita Mungu. Mwinjilisti alimtazama Bi Mwajabu kana kwamba yeye ndiye mwenye kujua, na Bi Mwajabu akasema tu kwamba ameita kama mtoto anavyoita akiwa na hakika mtu yupo chumba cha pili.

Marehemu ameacha mama, Bi Mwajabu, kaka, Rajabu, na mtoto mmoja, Khairat. Kwa upande wa ukoo, wale wote wanaotaka kuhesabiwa watasimama pamoja nasi kaburini, na hakuna atakayeulizwa.

SHUKRANI

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Dodoma na wa Dar es Salaam waliopigana na ugonjwa kwa vifaa walivyokuwa navyo, majirani wa Msalato mliochota maji na kulala nasi, Wakristo na Waislamu, mafundi cherehani wa sokoni mlioshona nguo aliyovalishwa leo na kukataa kupokea ahsante, wafanyakazi wenzake wa karakana ya zamani tunaowaona hapa, watu wa Bahi mliokuja na mchele wa kuwalisha waombolezaji, na mwinjilisti Sila na mkewe, ambao tunakosa neno la kuwapa. Mungu aliyemchukua na ampokee.

Tabu, dada, mama yako yupo hapa ameshika jeneza lako. Pumzika kwa amani.